Watu hawajibu swali tu, wanajibu na kioo cha simu: mwongozo kamili wa kupanga dodoso la mtandaoni

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili tuelewane. Miaka kadhaa nyuma ofisi moja hapa Dar, siitaji, ilinipa kikazi cha kujua wafanyakazi wanaonaje chakula cha mchana cha kantini yao. Kazi ya nusu siku. Nikakaa kwenye laptopu nikatengeneza jedwali moja safi, kushoto vitu nane (wali, maharage, mboga, usafi wa vyombo, foleni na kadhalika), juu viwango vitano kuanzia Mbaya sana mpaka Nzuri sana, likakaa vizuri mpaka nikajisifia. Linki nikairusha kwenye grupu lao la WhatsApp. Majibu yakarudi chakula kimepondwa, karibu hakuna kitu kilichovuka wastani, bosi akamuita mama mwenye tenda, mama wa watu akaja na daftari lake la manunuzi anajieleza huku jasho linamtoka.

Wiki iliyofuata niko pale pale kantini nakula, namuona dada wa mapokezi ndo kwanza anaijaza ile fomu kwenye kisimu chake cha kioo kidogo. Nikachungulia. Safu zinazoonekana ni tatu tu: Mbaya sana, Mbaya, Wastani. Nzuri na Nzuri sana ziko huko kulia nje ya kioo, mpaka uburuze kwa kidole ndo uzione, na hakuna alama yoyote inayokwambia buruza. Dada akatiki Wastani, Wastani, Wastani mpaka chini, sekunde kumi haziishi, akatuma, akarudi kwenye sahani yake. Nikamuuliza, dada chakula cha hapa vipi? "Mbona kitamu tu kaka." Yaani yeye alikuwa ameshanipa maksi za juu kabisa zilizokuwepo.

Kwahiyo haya ninayoandika hapa nimeyalipia. Ni kwa mwanafunzi anayekusanya data za utafiti, mwenye duka anayetaka kujua wateja wanasemaje, katibu wa kikoba, mtu wa NGO mwenye Kobo (programu ya kukusanya data) kwenye tableti, yeyote anayetuma maswali kwa linki. Namna ya kuuliza kwa maneno watu wanaifundisha sana, ila mpangilio, yaani kitu kiko wapi kwenye kioo, kipo juu au chini, kimeonekana au kimejificha, huo unaachwa kama urembo tu. Na mtu anayejaza fomu hayuko na wewe umfafanulie, kwahiyo kila alichokiona anakichukulia ni maneno yako.

Hatua ya 1: Tengeneza fomu ukiwa na simu ya bei ya chini mkononi

Sio mwishoni. Mwanzoni kabisa. Kila swali ukimaliza kuliandika fungua linki kwenye simu, ikiwezekana simu ndogo yenye maandishi yaliyokuzwa maana watu wazima wengi wanayakuza, uangalie je swali lote na majibu yake yote yanaonekana bila kuburuza kulia wala kushoto. Kushuka chini sio tatizo sana, watu wameshazoea kuskroli. Kwenda pembeni ndo balaa.

Hii ndo sababu mi jedwali nimeliacha kabisa kwenye fomu za simu. Na hata kwenye kompyuta lina ugonjwa wake mwingine. Watafiti wa madodoso Roger Tourangeau, Mick Couper na Frederick Conrad walilijaribu hili Marekani wakachapisha mwaka 2004: walichukua maswali nane yale yale, kundi moja wakawawekea yote kwenye jedwali moja, lingine wakayagawa kurasa mbili, lingine kila swali ukurasa wake. Walioyaona kwenye jedwali moja majibu yao yakafanana zaidi swali kwa swali, hadi yale maswali ambayo yalikuwa yamegeuzwa maana yakajibiwa kama wenzake. Watu wakiona vitu vimekaa pamoja wanaamini ni vitu vya aina moja, basi wanatiki mstari mmoja ulionyooka kama wanapiga rula.

Kama lazima uwe na vitu vingi vya kupimwa kwa kipimo kimoja, vunja jedwali, kila kitu kiwe swali lake na machaguo yake yakiwa yamepangwa wima. Fomu itaonekana ndefu, sawa, lakini vidole vinaenda chini tu.

Hatua ya 2: Jua jicho linasoma nini kabla ya maneno

Hao hao watatu walitoa orodha ya kanuni tano ambazo watu wanazitumia bila kujijua wakiangalia swali kwenye kioo, na mimi nimeziandika kwenye karatasi nikazibandika ukutani. Cha katikati ndo cha kawaida. Cha kushoto au cha juu ndo cha kwanza. Vilivyo karibu vinahusiana. Kilicho juu ndo kizuri. Vinavyofanana kwa sura vinafanana kwa maana.

Hiyo ya katikati ndo inayotuumiza sana. Chukua skeli (ngazi ya majibu) ya Nakubali kabisa, Nakubali, Katikati, Sikubali, Sikubali kabisa, halafu chini yake ongeza Sijui na Sitaki kujibu, vyote viduara vinavyofanana, nafasi ile ile. Sasa vimekuwa saba. Katikati ya macho imeshuka ikaangukia Sikubali! Mtu ambaye hana msimamo mkali anatafuta katikati ya orodha kwa jicho, sio kwa maneno, na anatua pasipo pake. Walipolijaribu hili majibu yalisogea kweli kuelekea upande wa yale machaguo ya nyongeza. Dawa yake ni rahisi: tenga Sijui na mstari au nafasi kubwa, na kama programu yako hairuhusu basi uliza kwanza swali la kuchuja, "Umewahi kutumia huduma hii?", asiyewahi aruke.

Na hiyo ya "juu ndo kizuri" inataka kitu kimoja tu toka kwako, usigeuze geuze. Ukianza na kizuri juu kaa hivyo fomu nzima. Kuna watu wanageuza skeli katikati eti kumkamata asiyesoma, mwisho wa siku wanamkamata aliyesoma vizuri swali la kwanza akaamini la pili liko vile vile.

Hatua ya 3: Chagua aina ya sehemu ya kujibia

Hapa programu inakupa vitu vingi na vyote vinavutia. Twende kimoja kimoja.

Viduara (unachagua kimoja) ndo salama zaidi machaguo yakiwa machache na yote yanaonekana.

Ile orodha inayojificha mpaka uibonyeze ifunguke, itumie kwa vitu ambavyo mtu anajua jibu lake kabla hajafungua: mkoa, wilaya, mwaka wa kuzaliwa. Usiitumie kwa maoni. Couper na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2004 pia, machaguo yale yale, kundi moja viduara vyote wazi, lingine kijisanduku kinachoonyesha matano ya kwanza tu na mengine uskroli, lingine orodha iliyojificha kabisa. Yaliyoonekana tangu mwanzo yalichaguliwa zaidi, na ukigeuza mpangilio ili mengine ndo yaonekane kwanza, nayo yanachaguliwa zaidi. Ndo yale yale ya kantini.

Kile kimstari cha kuburuta na kidole, kinapendeza kwenye laptopu, kwenye simu kinasumbua. Kidole kinakuwa kinene, ukurasa unaskroli badala ya kidude kusogea, halafu kuna shida moja ya kimya kimya: kama kidude kimeshakaa katikati toka mwanzo, mtu aliyekiacha hapo hujui amechagua katikati au hajagusa kabisa. Mi sikitumii.

Viboksi vya kutiki, "chagua yote yanayokuhusu". Hapa nakaa kidogo maana kila mtu anavipenda. Shida ni kwamba boksi ambalo halijatikiwa lina maana tatu: hapana, sijui, au sikufika huko chini. Jolene Smyth, Don Dillman na wenzao walilinganisha mwaka 2006 namna hii na ile ya kumuuliza mtu kila kipengele Ndiyo au Hapana. Kwenye ndiyo/hapana watu wakataja vitu vingi zaidi na wakatumia muda mrefu zaidi kujibu, maana yake walikuwa wanafikiria kila kimoja, wakati kwenye viboksi mtu anatiki viwili vitatu vya juu anaona kazi imeisha. Kwahiyo kama hesabu ni muhimu kwako, mfano unataka kujua ni wangapi wana friji, redio, pikipiki, baiskeli, uliza kila kimoja Ndiyo/Hapana. Kama unataka tu mawazo ya haraka haraka viboksi vinatosha.

Boksi la kuandika: ukubwa wake ni maagizo. Ukimpa kiboksi cha mstari mmoja atakuandikia "nzuri", ukimpa boksi kubwa anaelewa unataka maelezo, atajitahidi kujaza. Kwenye Google Forms chagua jibu fupi au aya kwa makusudi, usiache ilivyokuja.

Hatua ya 4: Skeli, hapa ndo penye pesa

Norbert Schwarz na wenzake walifanya jaribio Ujerumani likachapishwa 1985, mpaka leo nikilifikiria najishika kichwa. Waliwauliza watu wanaangalia TV kwa masaa mangapi kwa siku. Kundi moja machaguo yalianzia "mpaka nusu saa" yakaishia "zaidi ya saa mbili na nusu". Kundi la pili yalianzia "mpaka saa mbili na nusu" yakaishia "zaidi ya saa nne na nusu". Kundi la kwanza waliosema wanazidisha saa mbili na nusu walikuwa asilimia 16.2. Kundi la pili asilimia 37.5. Nchi ile ile, TV zile zile, swali neno kwa neno lile lile.

Kwanini? Kwasababu hakuna mtu anayejua anaangalia TV masaa mangapi, hajawahi kuhesabu. Kwahiyo anaangalia orodha yako, anasema mi ni mtu wa kawaida tu sio mraibu, anatua katikati. Wewe ukiuliza "kwa wiki unatumia shilingi ngapi kwenye bando" ukaweka machaguo ya kuanzia 500 mpaka zaidi ya 5,000, na mwenzako akaweka kuanzia 5,000 mpaka zaidi ya 50,000, mtaleta nchi mbili tofauti. Acha boksi la namba, andika kabisa pembeni "shilingi, siku 7 zilizopita", aandike mwenyewe.

Namba zenyewe nazo zinaongea. Schwarz tena na wenzake, 1991: umefanikiwa kiasi gani maishani? Skeli ya 0 mpaka 10, asilimia 34 walikaa nusu ya chini yaani 0 mpaka 5. Skeli ya toa 5 mpaka jumlisha 5, ambayo ni hatua kumi na moja zile zile, waliokaa nusu ya chini wakawa asilimia 13 tu. Sifuri mtu anaisoma "sijafanikiwa", toa tano anaisoma "nimeharibu", nani akubali kuharibu.

Rangi pia. Ukipaka mwisho mmoja nyekundu na mwingine kijani umemwambia mtu kuna upande wa hatari. Ila habari njema, hao kina Tourangeau walivyojaribu rangi mwaka 2007 waligundua kwamba ukiandika maneno kwenye kila hatua ya skeli, athari ya rangi inapotea. Maneno yanashinda namba, namba zinashinda mapambo. Kwahiyo ile tabia ya kuweka 1 mpaka 5 na maneno kwenye miisho tu, acha, andika maneno yote matano.

Sasa maneno yenyewe ya Kiswahili yana mtego. "Mara kwa mara" kwa huyu ni kila saa, kwa yule ni mara moja moja. Ukiweka skeli ya Mara nyingi, Mara kwa mara, Mara chache, Mara moja moja, kwenye kioo unaona "Mara, Mara, Mara, Mara" zimepangana kama ngazi, jicho linasoma neno la kwanza tu basi (ijaribu uone). Weka siku: Kila siku, Siku 4 hadi 6 kwa wiki, Siku 1 hadi 3 kwa wiki, Chini ya hapo, Sijawahi. Mwanzo wa kila mstari uwe tofauti na wa mwenzake. Vivyo hivyo Ninaridhika / Ninaridhika kidogo / Siridhiki: tofauti imejificha kwenye kiherufi cha mwanzo na neno la mwisho, kwenye jua la saa saba kioo hakionekani hata.

Hatua ya 5: Tarehe na saa

Dillman na wenzake pale Washington State University walijaribu swali dogo la mwezi na mwaka kwa wanafunzi kwenye madodoso ya mtandaoni, wakabadilisha vitu vidogo vidogo tu: ukubwa wa viboksi, cha mwezi kiwe kifupi kuliko cha mwaka, alama za kuonyesha tarakimu mbili na tarakimu nne badala ya maneno, alama ikae karibu na kiboksi. Waliojibu kwa mtindo uliotakiwa walitoka asilimia 45 wakafika 96. Swali halikubadilika.

Kwetu huku tarehe ina shida ya ziada, programu nyingi zinakuja na mpangilio wa Kimarekani mwezi unatangulia siku, mtu anaandika 3/4 akimaanisha tarehe tatu mwezi wa nne, inaingia Machi. Tenganisha: siku swali lake, mwezi orodha ya majina, mwaka boksi lake.

Saa ndo kichekesho kabisa. Uliza "unaamka saa ngapi", weka ile sehemu ya saa ya programu, mtu anaamka saa 11 alfajiri anaandika 11:00, programu inasoma saa tano asubuhi, unaandika ripoti kijiji kizima ni wavivu. Na mwingine aliyezoea saa za Kizungu za ofisini ataandika 5:00, kwahiyo huwezi hata kugeuza zote kwa mpigo. Usitumie kabisa hiyo sehemu kwa Waswahili. Weka machaguo ya maneno, "Kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri", "Kati ya saa 11 na saa 12 alfajiri", hivyo hivyo ukishuka.

Hatua ya 6: Lipi litangulie

Mwaka 1948 Marekani waliuliza kama waandishi wa habari wa nchi za kikomunisti waruhusiwe kuingia kwao na kupeleka habari makwao. Likiulizwa la kwanza asilimia 36 hivi walikubali. Likitanguliwa na swali la kama nchi ya kikomunisti kama Urusi iwaruhusu waandishi wa Kimarekani, waliokubali wakafika 73. Wameshasema wetu waruhusiwe, sasa watakataaje wa wenzao, haya.

Kanuni ninayoifuata: swali la jumla kwanza, la vipande baadaye. "Kwa ujumla unaionaje kantini" litangulie kabla hujamkumbusha foleni, inzi na vyombo. Mambo ya umri, kipato, kabila na ndoa mwisho kabisa, mtu akifunguliwa mlango kwa kuulizwa mshahara anafunga linki.

Na ndani ya swali moja, machaguo ya juu yana upendeleo mtu akiwa anasoma mwenyewe. Akisomewa na karani ni kinyume, yale ya mwisho ndo yanabaki kichwani. Wanaotumia Kobo zingatieni hilo, fomu moja ikijazwa na wengine kwa linki na wengine kwa kusomewa unachanganya makosa mawili yanayovuta pande tofauti. Dawa ni kuchanganya mpangilio wa machaguo: Google Forms bonyeza vidoti vitatu chini ya swali utaona sehemu ya kuchanganya, kwenye Kobo unaweka randomize=true kwenye safu ya parameters. Ila usichanganye skeli! Nimeshaona mtu amechanganya Nzuri sana, Mbaya, Wastani, Mbaya sana. Na "Hakuna hata kimoja" nalo likiwa chaguo la kawaida litaruka ruka katikati ya wenzake, bora ulifanye swali la kuchuja.

Kuna jambo lingine la kwetu. Mtu ukimuuliza habari anasema nzuri, hata kama anatoka msibani, halafu ndo anaongeza "ila...". Ukweli uko baada ya ila. Fomu yako inauliza "Huduma zetu ni nzuri?" Ndiyo, Hapana. Anatiki Ndiyo, na sehemu ya ila hujamuwekea. Mi siku hizi baada ya swali la namna hiyo naweka boksi la mistari mitatu lenye neno moja tu kichwani, "Ila?", sio la lazima. Usiniulize ilivyo kisayansi, lakini hapo ndo panakuja vitu.

Hatua ya 7: Picha, na ile nyota nyekundu

Picha ni kitu cha kuogopa. Couper, Conrad na Tourangeau waliwauliza watu afya zao ziko vipi, wengine pembeni waliona picha ya mwanamke anakimbia mazoezi, wengine mwanamke mgonjwa kitandani hospitali. Walioona mkimbiaji walijipa afya ya chini zaidi. Kwahiyo ile picha ya bango uliyoipakua ya watoto wanacheka mbele ya darasa jipya, kwenye dodoso la hali ya shule, itoe.

Nyota ya lazima (ile inayomzuia mtu kutuma mpaka ajibu) iweke kwenye maswali machache tu. Ukiweka kwenye kila swali, asiyejua atabuni. Na kile kimstari cha kuonyesha umefika wapi hakisaidii hivyo watu wanavyodhani, kikienda polepole mwanzoni kinakimbiza watu kabisa. Fomu fupi haikihitaji.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa macho, halafu kwa namba

Kwa macho: tafuta watu watatu wasiokuwa ndugu zako wa ofisini, mmoja wapo awe mtu mzima, wape fomu kwenye simu ZAO, kaa pembeni unyamaze. Waambie wasome kwa sauti na waseme wanachofikiria. Angalia kidole kinasita wapi. Usiwasaidie, hata kama unaumia.

Kwa namba: kama kuna swali huna uhakika nalo, tengeneza sura mbili ugawe watu. Kwenye Google Forms uliza mwezi wa kuzaliwa kwa viduara, washa ile ya kwenda sehemu fulani kulingana na jibu, Januari, Machi, Mei na wenzake waende sura A, Februari, Aprili na wenzake sura B. Kwenye Kobo ni fomula tu, once(random()). Usigawe kwa kutuma linki A kwa grupu hili na linki B kwa lile, hapo utakuwa unapima magrupu, sio mpangilio.

Halafu usishangilie tofauti ndogo. Ukiwa na watu 100 kila upande, tofauti kwenye swali la ndiyo/hapana inatakiwa ifike kama pointi 14 za asilimia ndo uanze kuiamini, ukiwa na 400 kila upande kama pointi 7. Wengi wetu tunakuwa na watu 60 jumla, kwahiyo macho yatakusaidia zaidi ya namba.

Ile kantini tulirudia hivi hivi, mwezi wa kuzaliwa, nusu wakapewa jedwali la zamani nusu wakapewa swali moja moja lililopangwa wima. Kwa swali moja moja karibu kila kitu kilipanda kikaingia Nzuri, isipokuwa foleni. Foleni ilibaki chini pande zote mbili. Mama mwenye tenda akafungua dirisha la pili la kupakulia, na sahani ya kwanza siku hiyo alinipa mimi, bure, huku ananitazama kwa jicho ambalo sikuweza kulijaza kwenye skeli yoyote.

Kabla sijasahau, mtu asidhani haya ni ya fomu za chakula tu. Uchaguzi wa Marekani mwaka 2000, wilaya ya Palm Beach pale Florida, karatasi ya kura ilipangwa majina kulia na kushoto na matundu ya kutoboa katikati, lengo likiwa maandishi yawe makubwa ili wazee wasome. Gore, mgombea wa Democratic, jina lake lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili likawa la Buchanan, mgombea wa chama kidogo. Buchanan akapata kura zaidi ya 3,400 kwenye wilaya ambayo hata yeye alishangaa, na Bush wa Republican akashinda jimbo zima kwa kura 537. Aliyepanga alikuwa na nia njema kabisa, kama mimi na jedwali langu.

Hatua ya 9: Ukishapokea data

Kabla hujachora chati, fungua Excel utafute waliotiki mstari mmoja kwa vitu vyote. Usikimbilie kuwafuta, kwanza angalia walitumia nini, kama programu inakupa aina ya kifaa na muda waliotumia. Wakiwa wengi wametoka kwenye simu, tatizo ni wewe sio wao.

Linganisha wa simu na wa kompyuta kwenye kila swali. Wakitofautiana kwenye swali moja tu, fungua hilo swali kwenye simu, utakuta kitu.

Halafu piga skrinishoti ya kila swali lilivyoonekana kwenye simu, uziweke folda moja na data, na tarehe. Baada ya miezi sita mtu atakuuliza kwanini wote walisema Wastani, na fomu utakuwa umeshaibadilisha mara nne.